Winchi ya nanga ni ya kuinulia, si ya kushikilia boti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme kuhusu nanga. Tunapozungumzia usalama wa Ziwa Victoria, na hasa kila inapotajwa ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 au ya kivuko cha MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, hoja huwa ni jaketi okozi, injini na wingi wa abiria. Ni sawa. Lakini injini ikizimika karibu na miamba yetu hii ya Mwanza huku upepo ukisukuma kuelekea nchi kavu, kinachobaki kati ya chombo na jiwe ni nanga, mnyororo wake, na pale mnyororo ulipofungwa. Hapo pa mwisho ndipo nataka kupasemea.

Boti za kisasa za watalii, za utafiti na za mizigo midogo huja na winchi ya umeme mbele. Unakanyaga kitufe, nanga inashuka. Unakanyaga kingine, inapanda. Mgongo umepona. Ila urahisi huo umezaa mazoea mabaya: nanga ikishafika chini, nahodha anazima swichi na kuiachia winchi ishike boti usiku kucha. Winchi haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ifungue uone. Ndani mna mota ndogo, gia, shafti moja, na kwenye shafti hiyo gurudumu lenye vitanga vinavyopokea pete za mnyororo. Gurudumu hilo halikukazwa moja kwa moja kwenye shafti. Linabanwa na klachi ya koni, inayoshika kwa msuguano tu. Wimbi linapoinua mbele ya boti, mnyororo unakakamaa na kutoa mkwaju mmoja, kisha unalegea, kisha mkwaju mwingine. Mikwaju elfu kadhaa kwa usiku mmoja. Ama klachi itateleza na mnyororo ukimbie wenyewe, ama meno ya gia yatamung'unyuka, ama shafti itapinda. Ikipinda, mafuta yanavuja, maji yanaingia, na mota inafuata.

Tazama hesabu. Nanga ya kilo 15 na mita 40 za mnyororo wa milimita 8, ambao kila mita ina uzito wa kilo 1.4 hivi, ni jumla ya kilo 71. Kanuni ya mafundi ni kuchagua winchi yenye nguvu ya kuvuta mara tatu ya uzito huo, yaani kilo 213 au zaidi kidogo. Sasa boti ya mita 9 ikiwa kwenye nanga, upepo wa noti 30 (kilomita 56 hivi kwa saa) pamoja na kurushwa na mawimbi hukadiriwa kuivuta kwa kilo 300 na ushei. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Winchi iliyochaguliwa kwa usahihi kabisa tayari imezidiwa kabla dhoruba haijafika.

Basi nani ashike? Kamba. Chukua kamba ya nailoni ya milimita 12 au 14, urefu wa mita 6 hadi 8. Ncha moja iwe na ndoano ya mnyororo, au ifungwe kwenye mnyororo kwa fundo la kukaba linalozunguka mara nne. Ncha ya pili ifungwe kwenye kigingi cha chuma mbele ya boti. Ukishafunga, achia mnyororo polepole kwa winchi mpaka uzito wote uhamie kwenye kamba na mnyororo ulio kati ya kamba na winchi uning'inie umelegea. Uchezeshe kwa mkono. Usipocheza, bado winchi ndiyo inayobeba. Nailoni inachaguliwa kwa sababu inanyumbuka na kumeza ile mikwaju. Kamba isiyovutika, hata iwe nene kama mkono, itaupeleka mkwaju wote kwenye kigingi. Mahali kamba inapopita ukingoni, ivalishe kipande cha mpira wa bomba la maji, maana kamba nyingi hazikatiki kwa kuvutwa bali kwa kusuguliwa. Juu ya hayo weka kizuizi cha chuma kinachouma pete ya mnyororo, kiwe akiba kamba ikikatika.

Kigingi nacho kikaguliwe kwa chini. Kikiwa kimekazwa kwa skrubu za mbao, hakina maana. Kinatakiwa boliti zinazopenya sitaha na kukutana na bamba la chuma au ubao mgumu upande wa ndani, ili mvuto usambae. Wakati mwingine kigingi king'aavu kilichogharimu pesa nyingi kinaondoka na kipande cha sitaha, kama jino linavyong'oka na ufizi.

Yote hayo ni bure nanga yenyewe isiposhika. Hapa kwetu sakafu ya ziwa inabadilika haraka: Ghuba ya Mwanza ina tope laini sehemu nyingi, fukwe zina mchanga, na kando ya visiwa na vilima kuna matale ya mawe. Nanga bapa ya mabawa mawili hujichimbia vizuri kwenye mchanga na tope, lakini kwenye mawe huteleza au hukwama. Ile ya makucha manne ambayo mafundi wetu huchomelea kwa nondo hunasa vizuri kwenye mawe, ila kwenye tope hupita kama uma kwenye uji. Chombo kinachotembea huku na huku kibebe aina zote mbili.

Urefu wa kuachia ndio unaokosewa zaidi. Watu hupima kina cha maji peke yake. Pima kina, ongeza kimo cha mbele ya boti kutoka kwenye maji, ndipo uzidishe. Kina cha mita 6 na mbele yenye kimo cha mita 1 ni mita 7. Kama ni mnyororo mtupu na hali ni tulivu, zidisha mara tano: mita 35. Kama sehemu kubwa ni kamba, au upepo umeanza kuvuma, mara saba: mita 49. Sababu ni pembe. Nanga huzama sakafuni ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu hung'oka. Ndiyo maana hata wenye kamba tupu wanashauriwa kufunga mita 5 au zaidi za mnyororo karibu na nanga, ili uzito ulaze mvuto na mawe yasikate kamba.

Kushusha kuna utaratibu wake. Elekeza mbele ya boti kwenye upepo, nenda taratibu mpaka isimame kabisa. Shusha nanga hadi iguse chini. Usirushe, na usimwage mnyororo wote kwa mpigo ukarundikana juu ya nanga na kuizonga. Acha upepo urudishe boti nyuma, au tia rivasi ndogo sana, huku mnyororo ukitoka kidogo kidogo. Ikifika theluthi moja ya urefu unaotaka, zuia kidogo nanga ijielekeze, kisha endelea. Ukimaliza funga kamba ya kupokea mzigo, halafu tia rivasi ya wastani kwa nusu dakika ukitazama vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, tuseme mti na jiwe lililo nyuma yake. Vikiachana na kuendelea kuachana, nanga inaburuzika. Mguso wa kidole kwenye mnyororo nao hueleza: nanga iliyoshika imetulia, inayoburuzika juu ya mawe inatetemesha mnyororo.

Ziwa letu halina maji kupwa na kujaa kama pwani, na hilo huwadanganya wageni wakadhani boti italala kama walivyoiacha. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ngurumo nyingi za ziwani hujijenga usiku huohuo. Boti iliyolala saa kumi jioni ikitazama ziwa, alfajiri itakuwa imezunguka ikitazama nchi kavu. Mnyororo wa mita 35 na boti ya mita 10 vinahitaji duara lenye nusu kipenyo cha mita 45 lisilo na jiwe, nyavu wala chombo kingine. Magugu maji nayo yahesabiwe. Zulia lake likija na upepo likaegemea mnyororo, boti inabeba mzigo wake na wa magugu pamoja. Liondoe mapema kwa upondo, au hama.

Kwenye mawe kuna hila mbili za kuzuia nanga isibaki huko. Ya kwanza ni kufunga kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga, upande wa makucha, na kuipandisha hadi kwenye boya dogo. Nanga ikikwama unaivuta kinyumenyume. Ya pili wavuvi wengi wanaifahamu: mnyororo unafungwa kwenye kichwa cha nanga, kisha unalazwa kando ya mpini na kufungwa kwenye tundu la juu kwa uzi hafifu. Ukivuta kwa nguvu uzi unakatika, nanga inatoka kwa nyuma. Hila hii ya pili ni ya kuvulia mchana tu. Usiilalie, kwa sababu dhoruba nayo inaweza kukata uzi.

Tuje kwenye kuinua, ambako winchi inapata adhabu nyingine isiyostahili. Winchi haivuti boti. Washa injini, isogeze boti mbele taratibu kuelekea ilipo nanga, na winchi ikusanye mnyororo uliolegea tu. Mmoja awe mbele akimwonyesha nahodha kwa mkono mnyororo unaelekea wapi. Ukifika wima na nanga ikagoma, acha kubonyeza. Funga mnyororo kwenye kigingi au kizuizi, kisha acha mawimbi yaing'oe nanga, au tia gia mbele kidogo sana. Ikilegea, winchi iendelee. Anayeng'ang'ania kitufe wakati mnyororo umesimama kama nguzo ananunua mota mpya.

Mikono. Hakuna sababu yoyote ya kuelekeza mnyororo kwa kidole wakati winchi inazunguka. Mnyororo ukikaa vibaya kwenye vitanga, zima swichi kuu kwanza, si kitufe cha mguu, ndipo uguse. Glavu pana, kanga inayoning'inia, mkufu na nywele ndefu zisikaribie gurudumu. Usisimame juu ya mnyororo wala kuuvuka unapotoka. Winchi yenye mpini wa akiba wa kuzungushia kwa mkono ina mtego wake: mpini ukisahaulika kwenye tundu na mtu akabonyeza kitufe, unazunguka kwa nguvu ya mota na kuvunja mkono. Mpini uhifadhiwe ndani ya boti, utolewe umeme ukiwa umezimwa tu. Zile winchi za kuachia nanga kwa uzito wake, klachi ilegezwe kwa hatua huku ukihisi breki. Ukiifungua yote, mnyororo hushika kasi ambayo hakuna atakayeizuia.

Safarini kosa ni lilelile kwa sura nyingine: nanga inaning'inia kwenye roda ya mbele, inashikwa na klachi ya winchi peke yake. Mawimbi ya ziwani ni mafupi na yamesimama, yanapiga mbele ya boti kila baada ya sekunde chache. Klachi inalegea taratibu, nanga inaanza kupiga ubavu, na fiberglasi au mbao haivumilii ncha ya chuma kwa muda mrefu. Ikidondoka boti ikiwa kwenye mwendo, mnyororo unakimbia hadi mwisho, ama unaishia kwenye propela, ama boti inasimama ghafla na kuinamisha pua. Kwa hiyo nanga ikishapanda, ivute ikae barabara kwenye roda, penyeza pini ya chuma kwenye tundu la mpini wa nanga, funga kamba fupi iliyokazwa hadi kwenye kigingi, uma mnyororo kwa kizuizi, legeza mvuto wa winchi, kisha zima swichi kuu. Ukipita sehemu yenye miamba au mlango mwembamba, ondoa pini tu ili nanga iwe tayari. Kamba ibaki na fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Umeme unaua winchi nyingi kimyakimya. Mota ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 hunyonya ampea 80 hadi 100 ikiwa na mzigo. Betri ikiwa nyuma, mita 10 kutoka winchi, umeme unasafiri mita 20 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16 unapoteza volti 2 na zaidi njiani, na mota inabaki na chini ya 10. Inazunguka polepole, inapata joto, na kontakta za solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, zinaungua hadi zinagandana. Zikigandana, winchi haisimami hata ukitoa mguu, ndipo utakapojua umuhimu wa swichi kuu iliyo karibu. Waya wa milimita za mraba 50 unapoteza volti 0.7 tu. Ghali, ndiyo. Weka pia sakiti breka ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha winchi, na injini iwe inaunguruma kila unapoinua, ili chaja isaidie betri.

Mnyororo nao haununuliwi kwa unene peke yake. Wa milimita 10 unapatikana katika vipimo viwili: kimoja pete ina urefu wa ndani wa milimita 28, kingine 30. Ukivitazama dukani huwezi kuvitofautisha, lakini kwenye gurudumu la winchi kile kisicho chake kitaruka vitanga na kutoka. Nenda na rula, pima pete kumi, usipime moja. Pingu inayounganisha mnyororo na nanga pini yake ikazwe kwa koleo na kufungwa kwa waya usioshika kutu, la sivyo itajifungua yenyewe kwa mtikisiko. Maji yetu ni matamu, kutu inakwenda taratibu kuliko pwani, na hilo linaleta uzembe. Pima sehemu iliyolika zaidi. Wa milimita 8 ukibaki 7, toa. Na kwa sababu maji ni matamu, kipande cha anodi, kile kinachowekwa kiliwe na kutu badala ya chuma cha boti, kwenye winchi au mwilini mwa boti kiwe cha magnesi. Cha zinki hapa hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, huku mwenye boti akifurahi kwamba "hakiliki".

Stoo ya mnyororo isisahaulike. Mnyororo unaoanguka kwa kimo kifupi hujenga kichuguu chini ya winchi, kinaporomoka boti ikiyumba, na mnyororo unajifunga mafundo. Kuwe na angalau sentimita 30 za uwazi juu ya rundo likiwa limejaa. Suuza tope kabla halijashuka. Likikauka linaziba tundu la kutolea maji, na stoo inageuka pipa mbele ya boti. Mwisho wa mnyororo usifungwe kwa pingu ya chuma. Ufungwe kwa kamba imara, ndefu ya kutosha kufika juu ya sitaha, ili siku ya kulazimika kuikimbia nanga uikate kwa kisu na kuiacha na boya.

Kwa wenye mitumbwi ya karabai na ya nyavu wasio na winchi, kanuni haibadiliki, ila mambo mawili yanawahusu zaidi. La kwanza, jiwe la kilo 30 linalotumiwa kama nanga likizama hubaki na uzito wa kilo 19 hivi, zege la kilo 30 hubaki na 17 na nusu, wakati chuma cha kilo 30 hubaki na 26. Jiwe halijichimbii, linakaa tu. La pili, msifunge nanga nyuma penye injini hata kwa dakika tano. Nyuma pako chini na ni bapa. Wimbi la kwanza linaingia, la pili linakuta mtumbwi umeshakuwa mzito. Na kamba ya plastiki inayoelea, ile ya rangi ya bluu au kijani, jua huila hadi ikawa unga, na inapolegea hupanda juu ya maji kutafuta propela ya jirani.

Ombi langu ni kwa wenye boti na kwa wakaguzi wa vyombo. Ukaguzi wa nanga usiishie kuuliza kama ipo. Boti iteremshe nanga palepale mwaloni, swichi kuu izimwe, klachi ya winchi ilegezwe kabisa, kisha itiwe rivasi. Ikibaki mahali pake, imefungwa sawasawa. Mnyororo ukianza kutoka, mwenye boti atakuwa ameona kwa macho yake nani alikuwa anamshikia chombo chake.

Wako,
Fundi wa boti,
Kirumba, Mwanza.